Mguu Ule ni wa Nani? Uhakiki wa Nyumba ya San Marco

Katika makala haya nakusudia kuhakiki nyumba. Najua wapo watakaoguna. Jarida letu ni la uhakiki wa fasihi, na tumezoea kusoma humu juu ya riwaya, tamthilia na diwani, siyo juu ya kuta na ngazi. Namwomba msomaji anivumilie. Swali nililokwenda nalo kwenye nyumba hiyo lilitoka darasani kwetu, na jibu nililorudi nalo linatuhusu sisi tunaosoma tenzi.

Swali lenyewe lilizuka hivi. Tulikuwa kwenye semina, tunajadili Utendi wa Mwana Kupona. Mwenzetu mmoja, Mkristo wa bara, akasema kwamba yeye anauhakiki kama mgeni tu, maana si wa dini yake wala si wa kwao. Mwingine, mtu wa pwani, akadakia: "Basi usiuhakiki!" Semina ikachafuka. Mwalimu akatutuliza kwa kuturudisha kwenye fani na maudhui: kazi ya sanaa hujitegemea, akasema, na mhakiki haulizwi dini yake. Tukarudi. Tukahesabu mizani, tukataja vina, tukaorodhesha dhamira, muda ukaisha. Lakini mimi sikuridhika. Bibi yangu aliujua utendi ule kwa moyo na hakuhesabu mizani hata siku moja. Alikuwa akiusoma mtu akiumwa, kando ya kitanda, sauti ya chini. Sasa nikawa najiuliza: je, bibi na semina walikuwa na kazi moja mikononi, au walikuwa na kazi mbili tofauti?

Nilipopata nafasi ya kufika Florence, Italia, nikaingia San Marco. Ni makumbusho madogo ukiyalinganisha na yale makubwa ya mji huo yenye foleni ndefu. Zamani ilikuwa nyumba ya watawa wa shirika la Mt. Dominiko. Humo ndani swali langu lilinikuta upya.

Nyumba yenyewe

Historia yake kwa kifupi ni hii. Mwaka 1436 Papa Eugenio wa Nne aliwakabidhi Wadominiko nyumba ya San Marco, ambayo wakati huo ilikuwa imechakaa. Tajiri Cosimo de' Medici akatoa fedha za kuijenga upya, na mjenzi akawa Michelozzo. Kazi ya kuchora kuta alipewa mtawa wa shirika hilohilo, aliyezaliwa kwa jina la Guido di Pietro na ambaye dunia inamjua kama Fra Angelico, yaani mtawa wa kimalaika. Alifanya kazi hiyo na wasaidizi wake, sehemu kubwa yake kati ya mwaka 1438 na 1445 hivi. Alifariki Rome mwaka 1455, na mwaka 1982 Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mwenye heri. Mwaka 1866 serikali ya Italia ilitaifisha mali za mashirika ya watawa, na mwaka 1869 San Marco ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kanisa lililo ubavuni limebaki kuwa kanisa.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima nilieleze mapema, kwa sababu hoja yangu inasimama juu yake. Michoro mingi ya nyumba hii imechorwa kwenye lipu mbichi. Fundi anapaka lipu sehemu ndogo inayotosha kazi ya siku moja, mchoraji anatia rangi kabla haijakauka, na ikikauka rangi na ukuta vinakuwa kitu kimoja. Picha ya namna hii haitundikwi wala haiteremshwi. Kuihamisha ni kuuchuna ukuta ngozi. Kwa hiyo nyumba ilipobadilishwa kazi, michoro ilibaki palepale. Wasomaji wake ndio waliobadilika. Watawa walitoka, sisi wenye tiketi tukaingia.

Ghorofani

Unapanda ngazi kuelekea kwenye vyumba vya kulala. Ukifika nusu ya ngazi ukainua macho, unamwona Bikira Maria akipashwa habari na Malaika Gabrieli. Mchoro uko juu ya ngazi kabisa, mbele yako, huwezi kuukwepa. Malaika ana mabawa ya rangi nyingi, nyuma kuna bustani, na chini kuna maandishi ya Kilatini yanayomkumbusha mpita njia asipite bila kumsalimu Maria. Hebu tutafakari hapo. Hii ni kazi ya sanaa inayomwamuru mtazamaji atende jambo. Mtawa aliyekuwa anarudi chumbani kwake alitakiwa asimame, asali, ndipo apite.

Halafu ukigeuka kwenye kile kijia chenye vyumba, zaidi ya 40, kila kimoja na mchoro wake ukutani, unafika chumba cha 3 na kukuta habari ileile: malaika yuleyule, Maria yuleyule. Lakini bustani haipo. Rangi zimepungua. Kuna ukuta mtupu na dari ya tao, basi. Pembeni kushoto amesimama mtawa, Mt. Petro Mfiadini, aliyeishi karne ya 13, anatazama tukio ambalo kwa hesabu ya miaka hakuwapo.

Tuseme sisi wa fani na maudhui tumepewa michoro hii miwili kwenye mtihani. Maudhui ni yaleyale. Fani tofauti. Tutasema nini? Wengi wetu tungeandika kwamba wa kwanza una fani tajiri na wa pili una fani duni, au kwamba msanii alichoka, au kazi ya pili aliwaachia wasaidizi. Na Petro Mfiadini tungemwita kosa la wakati. Majibu yote hayo yangekuwa ya kijinga, kwa sababu tumesahau kuuliza mchoro uko wapi na uliwekewa nani. Ule wa ngazini ni wa wapitao: watu wengi, mchana, wako mbioni, kwa hiyo unahitaji rangi ya kuwasimamisha. Ule wa chumbani ni wa mtu mmoja atakayekaa nao usiku na mchana, pengine miaka mingi. Mtu wa namna hiyo hahitaji bustani, anahitaji ukimya. Na yule Petro pembeni ndiye mwenye chumba: anamwonyesha mtawa namna ya kusimama. Kwa hiyo fani ya chumba cha 3 haieleweki mpaka umjue mkazi wake.

Kwenye vyumba vya wanafunzi wa utawa jambo hili liko wazi zaidi. Chumba baada ya chumba ni Yesu msalabani na Mt. Dominiko miguuni pake. Mgeni anaona marudio na anaanza kupiga miayo, nami nilianza. Lakini tazama mikono na mgongo wa Dominiko: hapa ameinama, pale amenyoosha mikono, kwingine amepiga magoti. Kumbe ni namna mbalimbali za kusali, na kila mwanafunzi alipewa moja. Yaani yale marudio yapo kwa ajili yetu sisi tunaotembea. Mwenyewe aliyelala mle hakuona marudio yoyote, alikuwa na mchoro mmoja tu.

Chumba kilichonishika kuliko vyote ni cha 7. Yesu ameketi, amefungwa kitambaa machoni, na kumzunguka kuna mikono isiyo na miili: mmoja umeshika fimbo, mingine iko tayari kupiga, na kichwa kimoja kinamtemea mate. Watesaji wamekatwa wakabaki vitendo tu. Chini, Maria amekaa na kuyapa matukio hayo kisogo, na upande wa pili Mt. Dominiko anasoma kitabu. Hatazami juu. Anasoma! Nilisimama pale muda mrefu nikihisi kama nimefumaniwa. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa katika nyumba isiyotundika sura ya nabii yeyote, na kwa imani yangu hata habari ya msalaba haisimuliwi hivyo. Wazo likanijia kwamba sasa nimekuwa yule mwenzetu wa semina: mgeni, si dini yangu, si kwetu. Na kwa mantiki ya yule aliyedakia, nilipaswa kufumba macho na kutoka nje.

Sikutoka. Lakini nilikubali kwamba kuna kitu pale ambacho siwezi kukipata. Naweza kueleza kwa nini mikono haina miili: mwenye kutafakari anapewa vitu vya kukumbuka, kofi, fimbo, mate, ili ayajaze mengine mwenyewe kutokana na kitabu anachokijua. Hiyo ni hoja na naweza kuitetea. Kule kujaza kwenyewe, hata hivyo, sikukufanya. Mtawa aliyelala chumba cha 7 alikifanya kila siku, na kile alichokijaza kilikuwa nusu ya mchoro. Hiyo nusu haiko ukutani, na haiuzwi kwa tiketi.

Chini

Ningeishia ghorofani, makala haya yangekuwa rahisi. Ningesema: kazi ya ibada ni ya waabudu, makumbusho huua, darasa huua, bibi alikuwa sahihi, kwaheri. Wapo wanaohitimisha hivyo, na nadhani wanakosea. Nilianza kuona kosa lao niliposhuka chini.

Kwenye vyumba vya chini kuna kazi nyingine za Fra Angelico, zilizochorwa kwenye mbao. Hizi zilitoka kwingine zikaletwa. Ipo ile kazi kubwa ya mwaka 1433 iliyochorwa kwa ajili ya chama cha wafanyabiashara wa vitambaa vya kitani, na ipo ile ya kumteremsha Yesu msalabani iliyotoka kanisa la Santa Trinita. Ipo pia picha kuu ya altare ya San Marco kwenyewe, ambayo ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kanisani. Kwa hiyo nyumba hii moja ina aina mbili za kazi: juu ni zile zilizobaki mahali pake, chini ni zile zilizokusanywa. Kwa lugha yetu, juu ni utendi unasomwa barazani na chini ni utendi umechapishwa kwenye mkusanyo wa mashairi.

Chini ya ile picha ya altare kulikuwa na mstari wa picha ndogo 9. Nane kati yake zilisimulia maisha ya Watakatifu Kosma na Damiano, ndugu wawili waganga, ambao ukoo wa Medici uliwafanya wasimamizi wake (na jina Medici lenyewe maana yake ni waganga). Leo mstari huo umesambaratika: picha 4 ziko Munich, 1 Dublin, 1 Paris, 1 Washington, na San Marco zimebaki 2. Mtu akuchukulie masimulizi, akuachie sehemu mbili za mwisho! Sisi tusicheke sana. Miswada mingi ya tenzi zetu iko London, na msomi wa Lamu au Pate anayetaka kuishika kwa mikono yake lazima apande ndege.

Moja kati ya zile mbili zilizobaki ndiyo imenifanya niandike. Ni ndogo, ungeweza kuipita. Shemasi aitwaye Justiniano amelala kitandani. Mguu wake umeoza. Kosma na Damiano, ambao walikwisha kufa zamani, wamemjia usiku usingizini na wanampa mguu mwingine. Mgonjwa ni mweupe. Mguu anaopewa ni mweusi.

Masimulizi haya Fra Angelico hakuyabuni. Yamo katika Legenda Aurea, mkusanyo wa maisha ya watakatifu ulioandikwa karne ya 13 na Jacobus de Voragine, naye Mdominiko. Humo tunaambiwa kwamba watakatifu walijiuliza watapata wapi nyama ya kuziba pengo, na mmoja akakumbuka kwamba kuna Mwethiopia kazikwa karibuni. Wakaenda kumkata mguu. Mgonjwa alipoamka akajikuta mzima, watu wakaenda kaburini, wakakuta marehemu kapewa ule mguu mbovu badala ya wake. Neno Mwethiopia wakati ule Wazungu walilitumia kwa mtu mweusi yeyote.

Sasa jamani, mtu mweusi anasimama mbele ya picha hiyo, afanye nini? Mimi nilitafuta mwenye mguu. Kwenye picha hayupo. Kuna chumba, kitanda, mgonjwa, watakatifu wawili, lakini maiti aliyetoa mguu hana mahali. Hata kwenye masimulizi hana jina. Mguu wake umepata heshima ya kuingia altareni, mwenyewe amebaki kaburini na uozo wa mtu mwingine.

Nisieleweke vibaya. Upo usomaji mwingine, nao una nguvu: kwamba mwili mweusi na mwili mweupe vinashikana na kuishi, kwa hiyo damu ni moja. Pengine mtawa fulani wa karne ya 15 aliuona hivyo. Lakini usomaji huo unaanza pale mgonjwa anapopona. Hauulizi chochote kuhusu aliyekatwa. Na sidhani kama swali la aliyekatwa lingeweza kuulizwa picha ilipokuwa altareni. Ibadani mgonjwa akipona watu husema amina, hawaulizi kapona kwa mguu wa nani. Swali hilo lilihitaji picha itoke altareni, iwekwe ukutani kwenye mwanga, na mgeni fulani aje bila haja ya kusema amina.

Mgeni na mwenyeji

Hapo ndipo nilipopata jibu la semina yetu, au nusu yake. Aliyesema "basi usiuhakiki" alidhani kwamba ugeni ni upofu. San Marco inaonyesha kwamba ni kweli, ugeni ni upofu ghorofani, lakini chini ugeni ndio jicho. Mwenyeji anajua matumizi. Mgeni anaona kile ambacho matumizi yamekizoea.

Wala tusidhani kwamba mwenyeji siku zote ni mlinzi. Mwaka 1491 mkuu wa nyumba hiihii akawa Girolamo Savonarola, mtawa aliyelala miongoni mwa michoro hiyo kila usiku. Tarehe 7 Februari 1497 wafuasi wake walikusanya vioo, mapambo, vitabu na picha wakavitia moto hadharani mjini Florence. Yeye mwenyewe alinyongwa na kuchomwa tarehe 23 Mei 1498 katika uwanja wa mji. Moto ule uliwashwa na wenyeji, kwa jina la dini ileile iliyowapa michoro. Kwa hiyo imani peke yake haitoshi kumfanya mtu mhakiki, kama ambavyo tiketi peke yake haitoshi.

Kasoro ya mwalimu wetu, kwa maoni yangu, ilikuwa tofauti na ya yule aliyedakia. Kusema kwamba kazi ya sanaa hujitegemea ni kusema kwamba nyumba yote ni vyumba vya chini. Ni kuichukua michoro ya ghorofani, ambayo imegandana na ukuta, na kuifanya kana kwamba ni mbao za kubeba. Vina na mizani ni vya kweli, vipo, lakini chumba cha 3 kimetufundisha kwamba fani yenyewe ina anwani.

Kurudi semina

Nirudi basi kwa Mwana Kupona. Tunajua kwamba alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na kwamba alifariki miaka michache baadaye. Semina yetu ilikaa sana kwenye sehemu ya mawaidha ya ndoa: mke amtii mume, ampambie, ampendeze. Tukauliza, je, huyu ni mwanamke aliyekubali kukandamizwa? Swali hilo ni halali. Ni swali la mguu. Lingekuwa gumu kulitoa utendi ukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na nafurahi kwamba darasa lilituruhusu kulitoa. Na yule mwenzetu wa bara ndiye aliyelitoa kwanza, ndiyo maana nasema tusimfukuze.

Lakini sehemu ya mwisho ya utendi, ambapo mtunzi anageuka kutoka kwa binti yake na kumwelekea Mungu, akiomba afya na akiwaombea wanawe, semina iliiruka. Ilionekana ni dua tu, kwamba haina maudhui ya kujadili. Hapo tulifanya kama mtalii anayetembelea vyumba vya chini kisha anaondoka bila kupanda ngazi. Maana bila ile dua mawaidha yote yanabadilika sauti. Ukiyasoma peke yake unasikia sheria. Ukiyasoma pamoja na dua unamsikia mtu anayejua kwamba hatakuwapo, anampa mtoto wa kike kila silaha anayoijua katika dunia ambayo haikumpa silaha nyingi. Utiifu ule, je, ni imani yake au ni mbinu ya kumwachia binti asiye na mama? Swali hili ni kali zaidi kuliko lile la kwanza, na halipatikani mpaka umsikie mgonjwa.

Bibi yangu alimsikia. Alipokuwa akiusoma utendi ule kando ya mgonjwa, alikuwa akiurudisha mahali ulipotungiwa. Sikuwahi kumwuliza swali la mguu, na amekwisha kufa. Sijui angenijibu nini. Huenda angenifukuza. Ninachojua ni kwamba yeye alikuwa na nusu na semina ilikuwa na nusu, na kila upande ulijiona una nyumba nzima.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Tunapoletewa utendi, maulidi au kasida darasani, kabla ya kuhesabu mizani tuulize: ilisomwa wapi, na nani, saa ngapi, kwa ajili ya nini? Ikiwezekana twende tukasikilize. Kisha turudi darasani tuulize bila woga lile ambalo kule haliulizwi. Nani kakatwa mguu hapa? Jina lake nani? Wenye maoni tofauti wajitokeze kwenye toleo lijalo, uwanja uko wazi.